Kipande cha Juu Hakina Macho

Kazi ya mikono huhakikiwa kama shairi: tunauliza imekusudia nini, kisha tunaona kama imetimiza. Basi, msomaji, na tuipime hivyo roketi ndogo ya vipande viwili, ambayo mabingwa wa mchezo huo huiona kuwa daraja la juu la ustadi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani. Mwaka 1954, Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, aliunda roketi ndogo iliyoweza kurudi chini salama. Mwaka 1957 alishirikiana na G. Harry Stine, mjuzi wa roketi kubwa. Siku hizo vijana walijichanganyia baruti nyumbani, na wako waliopoteza vidole, macho, hata maisha. Dawa ya wawili hao ilikuwa mota iliyotengenezwa tayari: bomba dogo la karatasi ngumu lililoshindiliwa baruti kwa kipimo.

Roketi ya vipande viwili ina sifa kubwa, nayo ni kwamba haibebi mzigo usio na kazi. Mota ya chini ikiisha, kipande chake huachwa kianguke, na kile cha juu, kilicho chepesi, huendelea kwa nguvu mpya. Namna ya kuwasha nayo inapendeza. Mota ya chini, tuseme yenye alama C6-0, haingoji hata sekunde moja, na hiyo ndiyo maana ya ile sufuri. Baruti yake ikimalizika, moto hupenya mbele na kuiwasha mota ya juu. Hapana saa wala waya. Mhakiki hana budi kuusifu ufundi huo.

Lakini kasoro imo humo humo katika sifa. Moto ule hauulizi roketi inaelekea wapi. Mota mbili huongeza uzito, nao huelemea mkiani. Roketi huondoka polepole, na upepo ukiyasukuma mapezi, pua huinamia upande utokako upepo. Roketi ya kipande kimoja ikiinama hivyo, baruti yake huisha mapema. Ya vipande viwili huwashwa upya ikiwa imelala, na nguvu iliyokusudiwa kuipandisha huielekeza kwenye mapaa na watu.

Linganisha na Scout, roketi ya vipande vinne iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 iliipeleka angani setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Scout ilikuwa na vyombo vya kuinyosha njiani. Roketi yetu ndogo haina ila mapezi yake, na mapezi hayajui juu ni wapi. Hushikilia tu njia iliyokwisha kushikwa.

Kwa hiyo wanaokosea ni wale wanaoisifu roketi kwa idadi ya vipande vyake. Hukumu ya haki hutolewa chini, kabla ya moto: je, mota ya kwanza ina nguvu ya kutosha? Mapezi ya chini ni mapana? Upepo umetulia, na uwanja ni mkubwa? Fundi asiyeweza kurusha kipande kimoja kikanyooka, akiongeza cha pili ameongeza kosa lake. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Nasi tuulize atashukia wapi.