Usinunue Mshubiri kwa Kutazama Jani

Ukifuata Barabara ya Ngong kutoka Dagoretti Corner kwenda Karen, au ukipita Waiyaki Way pale Kangemi, hukosi kitalu cha miche chenye "alovera". Mwenye kitalu atakukatia jani nono lenye miiba pembeni, ute uchuruzike, na bei ipatane. Jani hilo halithibitishi lolote. Kenya ina mishubiri ya aina nyingi, mingi yao ina majani manono, miiba na ute, na ikiwa bado michanga mingi huwa na madoa meupe, hata alovera yenyewe. Omba uonyeshwe mmea mama uliochanua.

Anza na rangi. Alovera halisi, ambayo asili yake ni Rasi ya Arabuni, huchanua manjano. Ukiona ua jekundu au la waridi, kibao kinasema uongo. Lakini manjano peke yake hayatoshi. Aloe lateritia, unaoota wenyewe nyasini kwenye nyanda za juu za Nairobi na Limuru, kwa kawaida huwa na maua ya rangi ya machungwa iliyokolea, ila mara mojamoja hutoa ya manjano.

Kwa hiyo tazama maua yamekaaje. Alovera husimamisha mlingoti mmoja, pengine wenye tawi moja au mawili, na maua huuzunguka pande zote, yamebanana, yakifunguka yanainama. Lateritia huyakusanya yake kileleni kama mwavuli. Aloe secundiflora, ambao kwa nionavyo ndio unaobebeshwa zaidi jina lisilo lake, hutawanya matawi yaliyolala, na maua yote hujipanga upande mmoja wa tawi, ule wa juu. Ukishauona mpangilio huo mara moja, hutauchanganya tena na mwingine.

Kisha chuma ua moja. La alovera lina urefu wa karibu sentimita 3, bomba lake limenyooka, na stameni zimechomoza mdomoni. La lateritia lina uvimbe wa mviringo kwenye kitako, halafu bomba linabanwa ghafla juu yake. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Jua kali na umri hufifisha rangi; uvimbe ule unabaki palepale.

Muulize pia muuzaji kama mche ulitokana na chipukizi au mbegu. Alovera huzaa watoto kandokando ya shina, nayo ni nadra kutoa mbegu. Mche wa mbegu uliookotwa bustanini, ambako mishubiri kadhaa huchanua pamoja na ndege chozi wakihama ua hadi ua, huenda ukawa chotara asiye na jina kabisa.

Ninasisitiza haya kwa sababu watu wanakunywa mimea hii. Aloe ruspoliana, wa kaskazini mwa Kenya, nao huchanua manjano, na una sumu. Maua yake ni mafupi, yamesongamana kwenye ncha za matawi mengi. Aloe ballyi, uliopewa jina la Peter Bally, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, una sumu ya aina hiyohiyo na harufu ya panya. Mmea ambao hujauona ukichanua, usiutie kinywani.

Sheria nayo inatofautisha. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri, ila alovera imeachwa nje. Mshubiri uliong'olewa porini ukauzwa kwa jina la alovera umevishwa vazi la kupita mpakani.

Mashaka yakizidi, nenda Museum Hill. Hapo pana Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mimea iliyokaushwa hupoteza rangi, lakini mpangilio wa maua hubaki. Peleka mlingoti mzima pamoja na matawi yake. Jani liache nyumbani.