Dawa ya Kombo ni Kombo

Jiko la mkaa likishakolea, inama kidogo utazame ukuta wa upande wa pili kupitia juu ya moto. Ukuta unacheza. Kalenda inayumba kingo, msumari unapinda na kunyooka. Ukuta haujafanya lolote. Ni hewa ya moto na ya baridi zinazopishana na kuupindisha mwanga njiani. Nyota nazo humetameta kwa sababu hiyohiyo. Washairi wameusifu mmeto huo, lakini kwa wanaastronomia ni adha. Darubini yenye kioo cha mita 8, ikiachiwa hewa hiyo, hukusanya mwanga mwingi sana, ila kwa undani wa picha haiipiti sana darubini ndogo ya kubebwa mkononi.

Mwaka 1953 Horace Babcock, mwanaastronomia wa California, alipendekeza dawa yake. Ikiwa mwanga unafika umepinda, basi upokelewe na kioo kilichopinda kinyume chake, kombo likutane na kombo, mwanga utoke umenyooka. Yeye aliwaza utando wa mafuta uliotandazwa juu ya kioo na kufinyangwa kwa chaji za umeme. Wazo lilikuwa kamili, vifaa ndivyo havikuwepo. Leo ufundi huo unaitwa optiki adaptivu.

Kazi huanza kwa kupima. Johannes Hartmann, akikagua lenzi kubwa ya darubini huko Ujerumani karibu na mwaka 1900, aliifunika kwa bamba lenye matundu, akafuatilia kila mwali ulikoangukia. Miaka 70 hivi baadaye, huko Arizona, Roland Shack aliweka lenzi ndogondogo mahali pa matundu. Kila kilenzi huangusha kitone kimoja cha mwanga. Hewa ikitulia, vitone hukaa kwenye mistari kama shanga zilizotungwa. Ikichafuka, kila kitone husogea upande wake, na kusogea huko ndiko kunakosema mwanga umepinda wapi, na kwa kiasi gani. Baada ya hapo ni mbio. Udongo uwahi ungali maji: rekebisho likichelewa kwa chembe ya sekunde, linatibu kombo ambalo limekwisha kuondoka.

Ukitaka kuona kazi ya mkono, nenda Paranal, katika jangwa la Atacama, Chile, kwenye darubini iitwayo Yepun. Kioo chake cha pili kina upana wa mita 1.1 na unene wa milimita 2. Mafundi walianza na pande la kauri ya kioo lenye unene uliozidi milimita 70, wakalipunguza na kulisugua hadi likabaki ganda. Nyuma ya ganda hilo kuna visukumio 1,170 vya sumaku, vinavyoweza kulibadilisha umbo hadi mara elfu moja kwa sekunde. Na pale ambapo hakuna nyota angavu ya kupimia, wanaitengeneza: leza nne za rangi ya machungwa hupaa hadi kilomita 90 hivi na kuwasha chembe za sodiamu zilizoachwa na vimondo.

Wataalamu wenyewe husema wanafunga kitanzi: kihisi kinapima, kompyuta inakokotoa, kioo kinatii, kihisi kinapima tena. Kitanzi kikiwa wazi, nyota kwenye skrini ni tonge la pamba linalotutumka. Kikifungwa, tonge linajikusanya na kuwa nukta.

Ufundi huohuo uligeuzwa ukaelekezwa kwenye jicho. Konea na lenzi ya jicho nazo zina kombo zao, na kila mtu ana zake. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, David Williams na wenzake walimtaka mtu ang'ate kibao chenye chapa ya meno yake ili kichwa kisitikisike, wakaingiza mwanga mwembamba hadi kwenye retina, wakaupima ukitoka na kuunyoosha kwa kioo kinachopinda. Mwaka 1997 walichapisha picha za seli za kuonea rangi ndani ya jicho la mtu aliye hai, moja moja, kama punje kwenye gunzi. Miaka miwili baadaye Austin Roorda na Williams walizitenganisha seli hizo kwa aina zake tatu. Wanaume wawili, wote wakiona rangi sawasawa, walikutwa na mchanganyiko ulio tofauti sana: kwa mmoja, seli zinazopokea mawimbi marefu ya mwanga zilikuwa karibu mara nne ya zile za mawimbi ya kati, kwa mwingine zilikaribia kulingana.

Fundi mwingine angetafuta kioo kisichopinda kabisa. Hawa wametengeneza kinachopinda kwa utii, kinachojifunza kombo la hewa au la jicho fulani na kulivaa kinyume, kisha kulivua papo hapo na kuvaa jingine. Nyota imetulia pale kwenye skrini. Nyuma yake kioo hakijapumzika hata sekunde moja.