Msiba Usio na Matanga

Kwetu pwani mtu akifa tunajua la kufanya. Maiti huoshwa, husaliwa, huzikwa. Watu hukaa matanga, hitima husomwa. Na Kyela, kwenye kichwa cha Ziwa Nyasa, msiba nao haufichwi. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi wanawake walivyolia kwa sauti na wanaume walivyocheza ngoma mazikoni. Taratibu hizo mbili ni mbali mbali, lakini zina hekima moja: huzuni hupewa mahali pa kutokea.

Je, asiyerudi, na kaburi lake halijulikani, hukaliwa matanga lini?

Swali hili si geni Kyela. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mto Songwe kwenda kupigana Karonga, likashindwa. Mei 1916 Waingereza wakavuka mto huo huo kuja upande wetu. Katika vita vile wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko hata askari kwa risasi, na wengi jamaa zao hawakujua walilala wapi.

Ndilo swali lililomo katika Afterlives, riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, iliyotoka mwaka 2020. Ilyas anamwacha dada yake mdogo, Afiya, anakwenda kuwapigania Wajerumani. Harudi. Afiya anapigwa na jamaa waliomlea kwa kosa la kujua kuandika, kisha anapata hifadhi kwa Khalifa. Anaolewa na Hamza, askari wa zamani mwenye jeraha na maneno machache. Mtoto wao wanamwita Ilyas.

Na mtoto huyo ndiye ninayetaka tumtazame. Ni mpole, mkimya, hunong'ona peke yake. Anapokaribia umri wa balehe anaingiwa na sauti ya mwanamke, inamwuliza Ilyas yuko wapi. Anaitwa shekhia kumpunga, naye anasema kuwa huyo mgeni anamtaka Ilyas apatikane.

Wapo watakaoona hapa mwandishi anasifu uganga, na wapo watakaoona anaucheka. Mimi naona hafanyi hili wala lile. Swali linalotoka kinywani mwa mtoto ni swali la mama yake, alilolimeza miaka mingi. Mtoto amerithi jina, na pamoja na jina amerithi msiba usiokaliwa matanga. Nafuu inaanza pale wazazi wanapolikubali swali na kuanza kulitafutia jawabu. Mwisho kijana mwenyewe, mtu mzima sasa, anafika Ujerumani na kugundua kuwa mjomba wake alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1942.

Kasoro ya kitabu ni hapo mwishoni. Mwandishi aliyetembea nasi taratibu kurasa nyingi anakimbia ghafla. Habari ya mjomba inasomwa kama faili la ofisini, na moyo wa kijana hatuonyeshwi vya kutosha. Tulitamani kujua alilala vipi usiku ule.

Hata hivyo funzo limebaki, nalo latuhusu. Mtoto akinyamaza ndani ya nyumba zetu twasema ana kiburi, au ana jini, au imani yake ni haba. Tumesahau kuwa Nabii Yaqub (A.S.) alihuzunika kwa mwanawe hata macho yakaingia weupe, naye ni Mtume, na kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Subira si kufunga mdomo. Yaqub alimshitakia Mola wake huzuni yake, na akawatuma wanawe wakamtafute ndugu yao.

Basi mtoto akinyamaza, tusianze na fimbo. Tukae naye, tumsikilize. Na pakihitajika tabibu, tumpeleke, kwani dawa nayo ni katika rehema za Mwenyezi Mungu. Na kabla ya yote tujiulize wenyewe: katika nyumba hii, ni jina gani hatulitaji?