Sauti Iliyopotea Mezani: Ubongo, Moyo na Usimulizi katika Moyo wa Mbwa

Wahakiki wengi wameisoma novela ya Mikhail Bulgakov, Moyo wa Mbwa, iliyoandikwa mwaka 1925, kama istiara ya kisiasa: Profesa Preobrazhensky, anayempandikiza mbwa tezi ya pituitari ya binadamu, ni kielelezo cha dola iliyotaka kuunda mtu mpya kwa haraka. Usomaji huo una mashiko. Polisi wa siri waliuchukua mswada nyumbani kwa mwandishi mwaka 1926, na kazi haikuchapishwa katika Umoja wa Kisovieti hadi 1987. Hata hivyo, unawahi mno kutoka nje ya matini. Hatari ya jaribio hili imejengwa kwanza katika usimulizi.

Sura ya kwanza kwa sehemu kubwa ni sauti ya Sharik mwenyewe, mbwa koko wa Moscow aliyeunguzwa ubavu kwa maji ya moto na mpishi. Analalama, anakejeli, anawapambanua watu kwa macho yao. Ana nafsi kabla daktari hajamgusa. Baada ya upasuaji sauti hiyo inakatika. Mahali pake panashikwa na shajara ya kitabibu ya Dakta Bormenthal: tarehe, joto la mwili, manyoya yanayonyonyoka, maneno ya kwanza. Sharikov, mtu aliyezaliwa mezani, husema sana, tena kwa matusi, lakini hatuingizwi tena nafsini mwake. Wanaomwona kuwa kikaragosi tu hawajauliza ni nani aliyemfanya hivyo. Kisu kilianza, shajara ikamaliza.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo jingine. Upasuaji unahusu ubongo, ilhali anwani inataja moyo. Sisi hutenga ubongo, ambao ni kiungo, na akili, ambayo haishikiki kwa koleo. Huruma, ujasiri na kinyongo tunaviweka moyoni. Klim Chugunkin, mpiga balalaika na mwizi ambaye tezi yake ilitumiwa, alikufa kwa kuchomwa kisu cha moyo katika kilabu cha pombe. Baadaye Profesa anakiri kwamba balaa la Sharikov ni kuwa na moyo wa binadamu hasa, wala si wa mbwa. Mfasiri atakayevutwa na msemo wetu wa “roho mbaya” akaandika “roho ya mbwa” ataiua kinaya hiyo.

Upasuaji wa kwanza tulionyeshwa kwa kina, damu na yote. Wa pili unafichwa: kengele inanyamazishwa, milango inafungwa, na msimulizi anabaki nje pamoja nasi. Polisi wanapokuja kuuliza juu ya mauaji, wanaonyeshwa mbwa. Sauti ya Sharik inarudi mwishoni, kichwa kikimuuma, naye ameridhika na joto la nyumba. Kutoka hapo alipolala anamtazama Profesa, mikono ndani ya glavu, akitoa ubongo chomboni, akikata, akichunguza, akitafuta tena.