Pwani Isiyokupwa

Washairi wetu wengi wanaozisifu Paje na Jambiani huiona bahari iliyojaa tu: mchanga mweupe, minazi, mbalamwezi. Wamesahau kwamba neno lenyewe pwani latokana na kupwa. Maji ya bamvua yakitoka, ufuo hupanuka hata karibu na mwamba, na hapo ndipo raha ya matembezi huanza: vidimbwi vya samaki wadogo, wachokoaji wa pweza, akina mama na kamba zao za mwani, zao linalolimwa huko kibiashara tangu 1989. Mgeni husubiri maji yajae apate kuogelea, wala halaumiwi. Lakini mshairi mzawa naye kumfuata! Vina vyao, kwa hakika, vimenyooka na huliburudisha sikio, haviniloweshi unyayo.