Chuo Kikuu cha Mashahidi na Tawi Lake la Lubaga

Miongoni mwa taasisi zinazostahili pongezi kilimani Lubaga, jijini Kampala, ambako Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria limesimama tangu 1925, ni tawi la Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, ambacho maaskofu Wakatoliki walikifungua Nkozi tarehe 18 Oktoba 1993, tarehe ile ile ambayo mashahidi hao 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Kilianza na wanafunzi 84 tu na idara mbili, moja ya biashara na nyingine ya maadili na maendeleo, na hapo ndipo ilipo sifa yake kubwa, kwa kuwa somo la maadili, yaani uchunguzi wa haki na batili katika kazi na maisha, humhusu kila mwanafunzi, hata anayesomea uhasibu. Kama Chuo Kikuu cha Sophia, kilichoanzishwa na Wajesuiti Tokyo mwaka 1913, chuo hiki si mali ya serikali: mkuu wake ni askofu, makamu mkuu ndiye mtendaji, nayo seneti, yaani baraza la wanataaluma, husimamia mitaala na mitihani. Kilipata hati ya serikali, inayokitambua rasmi chuo binafsi, mwaka 2005. Kwa mfanyakazi wa Kampala, tawi la Lubaga limemwondolea safari ya kilomita 80 hivi hadi Nkozi.