Kurudi ukingoni mwa Nyamwamba

Hospitali ya Kilembe, huku Kasese magharibi mwa Uganda, haikupaswa kurudishwa pale ilipokuwa. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta nimesimama wapi. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba uliacha njia yake, ukaingia hospitalini na matope na majabali, wagonjwa wakahamishwa. Kwa siku ile simlaumu mtu. Hospitali ilijengwa kwa ajili ya wachimbaji wa mgodi wa shaba, na wachimbaji waliishi bondeni. Kinachonikera mpaka leo ni uamuzi uliofuata: majengo yakasafishwa, yakakarabatiwa, kazi ikaendelea palepale, ukingoni mwa mto uleule. Mei 2014 mto ukafurika tena. Mei 2020 ukaja kwa nguvu zote, na safari hiyo hapakubaki hospitali ya kufanyia kazi.

Mliokuwapo Kasese mnayakumbuka yale mawe, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye ufundi wa jambo lenyewe. Nyamwamba hushuka kutoka kwenye miinuko ya Rwenzori iliyo juu ya mita 4,000 hadi tambarare ya Kasese, ambayo haifiki mita 1,000, na safari hiyo yote ni fupi. Mto wa namna hiyo haubebi maji matupu. Mwaka 2012 moto uliteketeza uoto wa juu milimani, ule unaonyonya mvua na kuiachia taratibu, na udongo ukabaki wazi. Mvua ya masika ya 2013 ilipopiga, maji yaliteremka yakisukuma mbele yao kila kilicholegea: udongo, magogo, mawe, pamoja na mabaki ya mgodi wa shaba yaliyorundikwa bondeni tangu zamani.

Sasa tazama kilichotokea maji yalipopungua, maana hapa ndipo penye kosa. Mawe hayakuondoka na maji. Yalitua kwenye mkondo, yakainua sakafu ya mto. Mto ambao sakafu yake imeinuka una nafasi ndogo ya kubeba maji kabla haujamwagika kando. Maana yake ni kwamba mafuriko ya pili hayahitaji mvua kubwa kama ile ya kwanza. Mvua ya wastani inatosha. Kwa hiyo siku hospitali ilipofungua tena milango yake, ilifungua mahali palipokuwa na hatari kubwa kuliko siku moja kabla ya maafa ya kwanza. Waliotoa uamuzi walipima hatari kwa historia ya miaka iliyopita, wakati mto wenyewe ulikuwa umeshabadilika mbele ya macho yao. Na aliyekuwa na shaka alipewa jibu na Mei ya 2014, miezi kumi na miwili tu baadaye. Kuchimba mkondo na kuondoa mawe kunasaidia, sikatai, lakini ni kazi isiyoisha. Ukisimama mwaka mmoja, mlima unakurudishia mawe yaleyale.

Huwa naambiwa kwamba Goma, huko Kongo, watu walirudi, wakajenga juu ya lava, na mji umesimama. Hoja hiyo haisimami. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulitapika mwaka 1977, kisha Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji, kisha Mei 2021. Kati ya mlipuko na mlipuko mfanyabiashara wa Goma alipata miaka 25, halafu 19. Huo ni muda wa kufungua duka, kulipa mkopo, kusomesha watoto na kuweka akiba ya kuanzia upya. Kilembe iliona 2013, 2014, 2020. Anayepanga kuinuka baada ya janga huanza kwa kujiuliza janga hili hurudi baada ya muda gani, na jengo langu linahitaji miaka mingapi kulipa gharama zake. Kama la kwanza ni fupi kuliko la pili, hakuna ukarabati utakaokuokoa.

Utetezi wa pili ni pesa na ardhi, na huu nauheshimu zaidi. Ardhi ya Kilembe imebanwa kati ya milima, hospitali mpya ni ghali, na wagonjwa wa bondeni wangetembea mbali. Haya yote ni kweli. Lakini nani alisema lazima kuhamisha kila kitu kwa mara moja? Hospitali ni biashara kadhaa chini ya paa moja. Kuna kliniki ya wagonjwa wa nje, ambayo unaweza kuiacha bondeni na kuifunga ndani ya saa moja mawingu yakitanda juu ya mlima. Kuna upasuaji, wodi ya wazazi, maabara, stoo ya dawa, jenereta na majalada ya wagonjwa, vitu ambavyo ukivipoteza huvipati tena kwa harambee. Hivyo vilitakiwa viteremshwe kwanza, kidogo kidogo, hadi upande wa mji wa Kasese, kwenye kiwanja kilichopimwa kwa makini, kwa sababu Nyamwamba hupita karibu na mji pia. Kufikia 2020 walikuwa na miaka saba ya kufanya hivyo. Badala yake huduma zilihamia mjini baada ya kila kitu kwenda na maji, kwenye majengo ya muda, kwa haraka, katikati ya amri za kukaa ndani za korona. Gharama ya kuhama ililipwa vilevile, na juu yake ikalipwa gharama ya kupoteza.

Naliandika hili kwenye safu ya biashara kwa sababu hospitali ile haikurudi peke yake. Penye hospitali kuna duka la dawa, kuna mama mwenye chai na chapati, kuna vijana wa boda, kuna mwenye vyumba vya kupangisha ndugu wa wagonjwa. Hao hawana mhandisi wa kuwapimia mto. Wanamtazama mkubwa wao. Mkubwa akirudi bondeni wanaelewa kwamba bonde limekuwa salama, wanakopa, wananunua mabati. Taasisi kubwa ikikosea mahali, inakosea kwa niaba ya mtaa mzima. Baadhi ya familia zilizofukuzwa na mafuriko ya 2020 zilikaa miaka katika kambi ya Muhokya, na humo walikuwamo watu waliokuwa na mashamba na vibanda vilivyowalisha.

Wazee wa mgodi, wale wa enzi za kampuni ya Falconbridge kutoka Kanada, walikuwa na makosa yao, na nyumba za bondeni ni mojawapo. Lakini walifikiri kwa namna ambayo siioni siku hizi. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, shaba ikawa inasafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja, na mgodi ukawa na umeme wake wenyewe kutoka mto Mubuku. Kampuni ya kobalti ya Kasese, iliyokuja baadaye kuchakata mabaki ya mgodi huo, nayo ilikuwa na kituo chake kwenye Mubuku. Hawakuachia moyo wa kazi yao kwenye waya mmoja unaotoka mbali. Leo naona viwanda vidogo vya kahawa ambavyo mashine zote zinategemea umeme mmoja, barabara moja na daraja moja, na mwenyewe anasema ana mpango.

Lakini wapo waliojiandaa kabla ya janga, na hospitali ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, ni mfano wa mwaka 2019: kituo cha kutibu Ebola kilikuwa kimeshawekwa na wahudumu wameshachanjwa kabla mgonjwa wa kwanza, mtoto aliyetoka Kongo, hajapokelewa hospitali ya Kagando na kuhamishiwa Bwera, na tarehe 11 Juni maabara ilipothibitisha, kila mtu alijua pa kusimama. Ukiniuliza nani alifundisha moyo huo nchi hii, nitakutajia Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, na sioni aliyemfikia. Oktoba 2000, Ebola ilipozuka Gulu, aliitwa kutoka masomoni Kampala, akasoma majalada ya waliokufa, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa kabla majibu ya maabara hayajarudi kutoka Afrika Kusini. Ugonjwa huo ulimchukua mwenyewe tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Lukwiya alitenda kwa dalili, bila kungoja karatasi. Kilembe walikuwa na majibu mawili mkononi, ya 2013 na ya 2014.

Na sasa wacha nirudie wimbo wangu wa siku zote, hata kama wengine wameuchoka. Nakala ya akiba inayolala chumba kimoja na nakala halisi si akiba. Kosa la Kilembe ni hilohilo kwa kipimo kikubwa: kituo cha kurudia kazini kilikuwa ndicho kituo kilichoangamia. Naliona kila wiki kwa kipimo kidogo. Mwenye duka la jumla ana kompyuta, na kumbukumbu za ziada ziko kwenye kidude kilichochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Chama cha akiba na mikopo kina daftari la wanachama na nakala yake, yote kwenye kabati moja, rafu ya chini kabisa, mahali maji hufika kwanza. Dawa yake haina gharama. Piga picha daftari la wadeni kila jioni, mtumie dada yako aliye Fort Portal. Chagua mtu asiyeishi kando ya mto wako.

Nina ugomvi wa zamani pia na waandishi wa mipango. Wanakuja na jalada nene lililoandikwa kwa ofisi za ghorofani Kampala, lina michoro, lina kurasa za istilahi, na mtunza stoo ambaye ndiye ana ufunguo usiku wa mvua hajawahi kulishika. Mpango wa kweli unajulikana kwa kufanyiwa zoezi. Zima umeme siku ya kawaida, mchana, bila taarifa, uone kazi inarudi baada ya muda gani na nani anajua namba ya nani. Na bima: wengi hukata ya moto na wizi, wakaamini wamekata ya kila kitu. Soma sehemu ya yasiyolipwa kabla ya kusaini, uliza neno mafuriko limeandikwa wapi, na kama halimo, dai liongezwe au tafuta kampuni nyingine.

Mwaka 2020 uliongeza jambo ambalo mipango mingi hulisahau, kwamba majanga hayapangi foleni. Machi mpaka wa Kongo ulifungwa kwa watu. Malori ya mizigo yakaendelea kupita Mpondwe, lakini biashara ya hapo kwa sehemu kubwa huenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa kichwa. Mama anayepeleka bidhaa ng'ambo na kurudi na nyingine jioni alifungiwa kabisa. Mei mito ikafurika: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, Lhubiriha. Aliyekuwa amepanga kutumia faida ya mpakani kukabili janga la mto alikuta vyote viwili vimekatika kwa pamoja. Ukipanga akiba yako, ipange ukichukulia kwamba chanzo kikuu cha mapato kimeshakufa siku janga la pili linapoingia. Waliovuka mwaka ule kwa unafuu ni wale waliokuwa na wateja wa pande mbili, Bwera yenyewe pamoja na ng'ambo, hata kama faida ya upande mmoja ilikuwa ndogo.

Lhubiriha ndio unaotenganisha Mpondwe na Kongo, na vibanda vinazidi kuusogelea kwa sababu mteja hupita hapo. Nao hushuka kutoka mlima uleule, kwa tabia ileile ya kuinua sakafu yake kwa mawe. Na kila mazungumzo ya kufufua mgodi yakianza, watu huanza kuulizia viwanja Kilembe. Anayetaka kufungua duka la dawa kule, afungue, watu watalihitaji. Friji ya chanjo, shehena ya dawa na vitabu vya hesabu viwe mjini, kwenye ardhi ya juu, na bondeni iteremshwe dawa ya siku tatu tu kwa wakati mmoja. Na halmashauri ikiombwa kibali cha jengo la kudumu ukingoni mwa Lhubiriha au Nyamwamba, idai kwanza kipimo cha sakafu ya mto cha mwaka huo, kilichochukuliwa baada ya masika ya mwisho, na iseme hapana pale kipimo kinaposema hapana.